Fundi Saa na Bei ya Maziwa

Kila alfajiri Fundi Saa alijifunga kitambaa cha kichwa cha mkewe, akaenda zizini kukamua.

Cheka kidogo tu, usizidishe. Hata yeye angecheka kama angemwona mwanamume mwingine na kitambaa cha maua ya njano kichwani, fundo limekaa juu ya sikio. Lakini afanyeje? Ng'ombe wake alikuwa na makuu. Alinuna ovyo. Hakutaka kushikwa na mikono ya baridi, hakutaka ndoo igongwe, hakutaka mgeni asimame nyuma yake. Mkewe Fundi alimtazama siku ya kwanza akasema huyu si ng'ombe, huyu ni shangazi mtu, na jina likaganda. Akawa Shangazi.

Mkewe alifariki mwaka uliopita, mvua zilipokuwa zinaanza. Tangu Shangazi azae mara ya kwanza, ni yeye peke yake aliyemkamua. Baada ya mazishi jirani alijaribu, akapigwa teke la goti. Mkamuaji wa kulipwa alijaribu, ndoo ikaruka hadi ukutani. Shangazi aliyabana maziwa yake, asitoe hata tone. Fundi alipochoka kabisa, alikiona kitambaa cha mkewe kinaning'inia kwenye msumari wa zizi, pale pale alipokuwa akikitundika. Akakifunga kichwani. Shangazi akageuza shingo, akakinusa, akashusha pumzi ndefu. Maziwa yakashuka. Tangu siku hiyo mambo yakawa hivyo.

Fundi hakuwa mfugaji wa tangu zamani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Alikuwa na meza ndogo mjini, na kioo cha kubana jichoni, na bisibisi nyembamba. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu zao, kazi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Ilimwachia tabia moja, nayo ni ukimya. Huwezi kupiga domo huku umeshika skrubu ndogo kama punje ya mchanga.

Mkewe alisema kwa niaba ya wote wawili. Mtaa mzima walimwita Mama Redio. Kumimina maziwa kituoni ni kazi ya muda mfupi, lakini yeye alirudi jua limeshapanda, keni tupu mkononi na habari tele mdomoni. Nani kazaa, nani kahama, ng'ombe wa nani anaumwa, kiwanda kimesema nini. Fundi alikaa jikoni akisikiliza. "Mhm," alisema. Basi. Na mkewe aliridhika, kwa kuwa alizijua mhm zote za mumewe na maana zake.

Sasa nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi moja Fundi alijikuta amesema "mhm" peke yake jikoni, na hapakuwa na mtu aliyesema neno. Alikaa akiitazama birika kwa muda. Upweke ule ulimuuma kuliko alivyodhani upweke unaweza kumuuma mtu mzima.

Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe. Kilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji inayomwagiwa maji kutwa, meza ya bati, na tangi kubwa la kupozea maziwa lililonguruma pembeni. Gari la kiwanda lilikuja kila siku kuyachukua. Mezani alikaa mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira. Alitumbukiza kipimo cha kioo kwenye maziwa ya kila mtu na kusoma kinavyoelea. Maziwa yaliyotiwa maji yalijulikana hapo hapo. Kisha alichanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yameanza kuharibika.

Fundi alihakikisha anafika kabla ya watu. Aliogopa pole. Kila aliyemwona alimpa pole, na kila pole ilimlazimu ajibu. Kwa hiyo alimimina, akangoja kipimo kitolewe, akaitika kwa kichwa, akampa mpimaji kisogo. Wenzake walipoanza kupanga foleni, yeye alikuwa ameshapita kona.

Malipo ya kiwanda yalikuja kwa ujumbe wa simu, na kila mfugaji aliona wake tu. Ujumbe wa kwanza baada ya msiba ulionyesha kuwa bei ya lita imeshuka. Fundi akadhani ameusoma vibaya. Akavaa kioo chake cha saa, akausoma tena. Bei ilikuwa imeshuka. Iliyofuata ikashuka zaidi. Kufikia mwaka kuzunguka, lita moja ilikuwa imepoteza robo ya bei yake.

Sasa sikia alivyofikiri. Alijua kwamba kiwanda hulipa kwa madaraja. Maziwa mazito na safi ni daraja la kwanza. Yakiwa mepesi au yana uchafu, hushuka daraja na bei hushuka nayo. Mkewe alikuwa na daraja la kwanza, na alijisifu kwalo hadi kwa watu wasio na ng'ombe. Mkewe alipokuwa hai, bei ilikuwa juu. Ameondoka, bei imeanguka. Kilichobadilika ni mikono inayokamua. Basi kosa ni la mikono hiyo.

Fundi aliona haya. Kumbe hata hili dogo aliloachiwa limemshinda. Alimkumbuka mkewe akiondoka na keni begani, kifua mbele, na akajiona anamwaibisha kaburini. Angemuuliza mtu mmoja tu, mambo yangeisha. Hakumuuliza mtu.

Alijaribu kurekebisha peke yake. Alisugua keni hadi ikang'aa. Alichemsha maji kila alfajiri, akaosha kiwele, akakikausha kwa kitambaa kipya. Hayo yalikuwa mazuri. Lakini pia alienda dukani akanunua pumba na mashudu mara mbili ya kawaida, akamjazia Shangazi kihori, akiamini kwamba maziwa yataongezeka na kuwa mazito. Shangazi alikula kama mgeni wa harusi. Akanenepa, mgongo ukawa wa mviringo, mkia ukakaa kwenye bonde la nyama. Maziwa yalibaki vile vile. Akiba ya Fundi ndiyo iliyokonda.

Binti yake alipiga simu kila wiki kutoka mji mwingine. Alimwambia baba auze ng'ombe, akaishi nao, chumba kipo. Fundi alijibu mhm. Binti hakuwa mama yake; alishindwa kujua hiyo mhm ni ya ndiyo au ya hapana. Ukweli ni kwamba haikuwa ya yeyote kati ya hizo. Fundi alijua kuwa Shangazi akiondoka, atakuwa ameondoka kiumbe wa mwisho aliyeishi na mkewe na kumkumbuka kila siku. Lakini chakula cha dukani kilikuwa kinammaliza, na aibu ilikuwa inammaliza zaidi.

Ndipo dalali wa ng'ombe akaja. Alimpapasa Shangazi mgongoni, akatikisa kichwa kana kwamba amepapasa maradhi, akataja bei ya kutupa. Akasema hizi si nyakati za maziwa. Atarudi Jumamosi na gari.

"Sawa," alisema Fundi. Dalali akaondoka anapiga mluzi.

Zilibaki asubuhi chache. Fundi akajiambia kwamba kabla Shangazi hajaondoka, angalau mara moja apeleke kituoni maziwa kama ya mkewe, masafi kuliko ya mtu yeyote. Akafua kila kitu. Alifua kamba. Alisugua kigoda. Alimwaga maji sakafuni, akapiga brashi hadi magoti yakamuuma. Mwisho akakichukua kile kitambaa cha maua ya njano, ambacho hakikuwahi kufuliwa tangu mwenyewe aondoke, akakiloweka kwenye sabuni, akakifikicha, akakianika. Kilipokauka kilikuwa kisafi kabisa.

Asubuhi iliyofuata alikifunga, akakaa kwenye kigoda, akashika chuchu. Shangazi akageuza shingo. Akanusa. Akanusa tena. Akarudisha kichwa mbele na kubana.

Fundi alikanda kiwele. Alipaka mafuta. Alingoja. Hakikutoka kitu. Akakivua kitambaa, akakiweka puani, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Kilinuka sabuni tu. Harufu ya mwisho ya mkewe duniani, ameifua kwa mikono yake mwenyewe, na maji ameyamwaga mtaroni. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Shangazi na kulia, mzee mzima, ndoo tupu katikati ya miguu.

"Nimekifua," akamwambia ng'ombe. "Sikujua. Nilitaka kiwe kisafi."

Sikio la Shangazi lilicheza.

Fundi hakuona la kufanya ila kuendelea kusema. Akamwambia kwamba bawaba ya geti imelegea, na hana hamu ya kuikaza. Akamwambia kwamba binti amepiga simu, na mjukuu ameng'oka jino. Akamwambia kwamba jikoni kuna kimya hadi anaisikia saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza mwenyewe, na siku nyingine anatamani isimame. Mambo hayo hakuwa amemwambia mtu. Yalitoka moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayeokota vitu sakafuni. Alipofika kwenye habari ya dalali, akanyamaza. Shangazi akageuka kumtazama. Fundi akaendelea.

Katikati ya maneno alisikia sauti ya maziwa ndooni. Mikono ilikuwa inakamua na yeye hana habari.

Kumbe harufu ya kitambaa ilikuwa inaziba pengo tu. Kitu alichokikosa Shangazi kilikuwa mazungumzo. Mama Redio hakuwahi kukamua kimya hata siku moja. Ng'ombe aliyezoea kukamuliwa kwa utulivu na sauti anayoijua huachia maziwa. Akishtuka au akikosa alichozoea, huyabana. Fundi alikuwa amekaa chini yake mwaka mzima kama mwizi.

Kwa ajili ya hayo yote, siku hiyo alichelewa. Alipofika kituoni foleni ilikuwa imefika hadi nje. Angekuwa na njia angerudi, lakini maziwa hayangoji. Akasimama nyuma ya mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, mwenye keni mbili. Mbele yao alikuwa mzee wa baiskeli, anayefunga keni zake kwa mpira wa gurudumu. Walimsalimu, wakampa nafasi ya kivuli. Hakuna aliyemkaba kwa pole. Walikuwa na lao.

"Imeshuka tena," alisema mzee wa baiskeli. "Juzi nimeangalia simu nikadhani wamenitumia ya mtu mwingine."

Mama Pacha alisema yeye hata haangalii siku hizi, maana anapandwa na presha bure.

Fundi aliitazama keni yake. Akalisafisha koo.

"Kwani na wewe," alimuuliza Mama Pacha, "umeshushwa daraja?"

"Daraja gani? Nina daraja la kwanza tangu nianze. Bei ndiyo imeshuka."

"Yako?"

"Ya wote, Fundi. Mwaka mzima sasa. Ulikuwa wapi wewe?"

Alikuwa nyumbani. Hilo lilikuwa jibu la kweli, lakini hakulisema. Alisimama pale, huku watu wakisogea mbele na yeye akisahau kusogea.

Zamu yake ilipofika alimimina maziwa, na safari hii hakugeuka. Mpimaji alikitumbukiza kipimo, akakisoma, akainua macho. Alishangaa kumwona bado amesimama.

"Mwanangu," alisema Fundi, "maziwa yangu ni daraja la ngapi?"

"La kwanza, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mama. Hayajashuka hata mara moja. Hiki kipimo hakijui nani amekamua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu, baba. Kila nikifungua mdomo, wewe umeshafika getini."

Watu walicheka, na Fundi mwenyewe akatabasamu kidogo, ingawa macho yalimwasha. Kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mwaka mmoja nyuma. Kama maziwa ni yale yale, bei imeshushwa na nani?

Mpimaji alinawa mikono. Gari la kiwanda lilikuwa halijafika, na waliobaki kwenye foleni walikuwa wachache. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye kibanda cha chai kilichoegemea ukuta wa kituo, akawauliza yule dada anatia maziwa gani kwenye chai yake. Wote walijua. Anatia ya unga, ya pakiti. Ukuta mmoja na tangi la maziwa mabichi, na chai ni ya unga. Dada wa chai alisikia akajibu dirishani kwamba asilaumiwe. Ya pakiti hayachachi, na miezi hii yamekuwa rahisi.

"Umesikia?" alisema mpimaji. "Yamekuwa rahisi. Hapo ndipo bei yenu ilipo."

Akawaeleza taratibu. Maziwa mabichi ni mazito kubeba na huharibika haraka, kwa hiyo mengi hunywewa karibu na yalipokamuliwa. Yanayovuka bahari kwenda nchi nyingine ni sehemu ndogo, na husafiri yakiwa yamegeuzwa kuwa unga, siagi au jibini. Zipo nchi chache zenye malisho mengi na ng'ombe wengi ambazo huuza sehemu kubwa ya unga huo. Na wapo wanunuzi wakubwa wachache. Mvua ikiwa nzuri kwa wale wauzaji, ng'ombe wao hutoa maziwa mengi, unga hujaa maghalani. Wanunuzi wakubwa wakipunguza kununua wakati huo huo, unga hauna pa kwenda. Bei yake huanguka.

"Sasa unga wa huko na Shangazi wangu wanajuana wapi?" aliuliza Fundi.

"Kiwandani. Mwenye kiwanda anaweza kununua maziwa yako, au anaweza kununua unga akauchanganya na maji. Unga ukiwa ghali, anakimbilia kwako, na bei yako inapanda. Unga ukiwa rahisi, anakwambia pokea hiki au rudi nayo nyumbani."

Mzee wa baiskeli alikuna kichwa. Alisema mwaka ule bei ilipopanda aliona ni kwa sababu ya bidii yake, akakimbilia kununua ng'ombe wa tatu.

"Haikuwa bidii yako, babu. Huenda kulikuwa na ukame kwa watu wengine. Bidii yako naiona hapa," alisema mpimaji, akikiinua kipimo cha kioo. "Uzito, usafi, na wingi wa lita, hayo ni yako. Bei ya dunia si yako. Inapanda na kushuka, wewe ukiwa umekamua vizuri au vibaya."

Akaongeza kwamba haitegemei unga peke yake. Kodi inayotozwa unga ukiingia nchini inaweza kuupandisha au kuurahisisha, na hata thamani ya fedha yetu mbele ya fedha za wageni ina nafasi yake. Pia mabadiliko hayafiki siku moja. Bei ya nje huanguka leo, mfugaji akaja kuisikia baada ya miezi. Ndiyo sababu ni vizuri kufuata habari za masoko, ili mtu ajue mapema kinachokuja.

Fundi aliiweka keni tupu chini. Alikuwa amejibebesha mzigo mwaka mzima, na sasa anaambiwa haukuwa wake. Alijisikia mwepesi, na pia alijisikia mjinga, na katikati ya hayo mawili alimkumbuka mkewe mno. Mama Redio angerudi na habari hii jikoni siku ile ile ya kwanza.

Akawaambia. Alisimama mbele ya meza ya bati akawaambia yote: pumba na mashudu, usafi, dalali wa Jumamosi. Kitambaa hakukitaja. Mtu ana haki ya kubakiza kitu.

Mpimaji aliuliza kama Shangazi ana mimba, na ni ya miezi mingapi. Fundi akasema imevuka mitano. Basi, akasema mpimaji, hapo ndipo fedha zinapopotelea. Ng'ombe aliyezaa karibuni ukimwongezea chakula anaongeza maziwa. Aliyekwenda mbali na uzazi, mwenye mimba kubwa, chakula cha ziada kinakwenda mwilini. Na bei ikiwa chini, hata lita inayoongezeka inaweza isirudishe gharama ya mashudu yaliyoileta. Wakati huu ni wa kupunguza chakula cha kununua na kuongeza malisho bora ya kupanda mwenyewe, majani marefu na yale ya jamii ya kunde, na kuhifadhi mengine kwa kiangazi. Lakini apunguze kidogo kidogo, asimkatie ghafla, na akikaribia kuzaa amrudishie chakula chake.

"Na kuuza?" aliuliza Fundi.

"Ng'ombe ni wako, baba. Mtu anaweza kuwa na sababu zake. Lakini ukimuuza sasa kwa sababu ya bei, unamuuza wakati kila mtu anauza. Bei ikipanda utamtafuta mwenye mimba kama huyu kwa fedha mara mbili."

Honi ya gari la kiwanda ikalia nje, watu wakashika keni zao.

Jumamosi dalali alikuja kama alivyoahidi. Kwenye gari lake walikuwamo ng'ombe wengine watatu, mmoja wao ana mimba kubwa, wanatazama nje kati ya mbao. Fundi alimpokea getini. Alimwambia hauzi. Kisha, yeye ambaye kwa kawaida angeishia hapo, akaanza kumweleza: habari za unga, na maghala ya ng'ambo, na kwamba bei iliyoshuka itakuja kupanda.

Dalali alimsikiliza hadi mwisho, mikono mfukoni.

"Najua, mzee," alisema. "Ndiyo maana nanunua."

Hakusema kwa ubaya. Alipanda gari akaenda zake. Fundi alibaki ameshika geti, akiwafikiria wenye ng'ombe wale watatu, wamekaa wapi sasa, na kama kuna mtu aliyewaeleza. Kisha akaingia ndani akachukua bisibisi, akaikaza bawaba.

Mabadiliko hayakuja kwa vishindo. Fundi alilima kipande cha nyuma ya nyumba akapanda majani. Alipunguza mashudu, na Shangazi alinuna wiki nzima, akamkanyaga mguu mara moja, bila shaka kwa makusudi. Kituoni, Fundi aliacha kuwahi. Alikuja saa ya watu, akapanga foleni kama wengine. Yeye, Mama Pacha na mzee wa baiskeli waliongea na wengine wachache, wakakubaliana sehemu ya maziwa yao waiuze kwa pamoja kwa wanaotaka mabichi: shule ya bweni iliyo karibu, na mkahawa wa stendi. Mmoja mmoja wasingeweza kupeleka lita za kutosha kila siku, pamoja waliweza. Unga una faida zake, lakini hauwezi kuwa maziwa ya asubuhi ile ile. Bei waliyopata huko ilikuwa bora kuliko ya kiwanda, na haikuyumba kila ujumbe. Yaliyobaki waliendelea kuyapeleka kiwandani, maana si vizuri kutegemea mlango mmoja.

Na dada wa chai? Alionjeshwa. Alibisha siku kadhaa, kisha akaanza kununua lita mbili kila asubuhi, akawatoza wateja zaidi kidogo, nao wakalipa wakilamba midomo.

Kila mchana Fundi alisikiliza kipindi cha wakulima redioni, na asubuhi aliwasimulia wenzake bei za unga zinavyokwenda. Alisimulia kwa maneno machache, akitafuta kila neno kama skrubu iliyoanguka. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kumwita Baba Redio. Wote walicheka, yeye pia. Alipofika nyumbani alilitaja jina hilo kwa sauti jikoni, kusikia linavyolia. Hakuna aliyejibu. Nyumba ilikuwa bado kimya, na pengine itakuwa hivyo siku zote. Lakini sasa ulikuwa ukimya wa nyumba tu.

Shangazi alizaa ndama jike. Malisho yalikuwa yamekomaa na maziwa yaliongezeka. Mashudu alirudishiwa, kwa kipimo.

Kisha asubuhi moja simu ikalia, ujumbe wa malipo. Bei ya lita ilikuwa imepanda. Fundi hakuvaa kioo kuusoma tena. Alijua ilikuwa njiani. Redio ilishasema juu ya ukame mkali katika nchi moja ya ng'ombe wengi, malisho yamekauka, wafugaji wanapunguza mifugo. Alijua pia atakachofanya na nyongeza hiyo. Hatakimbilia ng'ombe wa pili. Ataweka akiba kwa ajili ya siku itakaposhuka tena.

Alikaa kwenye kigoda, kitambaa cha njano kimefungwa kichwani. Alikuwa ameendelea kukivaa, ingawa hakikuhitajika. Akashika chuchu, akaanza kusimulia.

"Bei imepanda, Shangazi. Usijivune. Si wewe, wala si mimi. Mvua imewakataa watu wa mbali."

Maziwa yalianza kulia ndooni. Fundi akamfikiria mfugaji wa huko, mzee kama yeye labda, amesimama kwenye shamba lililokauka, anaitazama mikono yake na kujiuliza amekosea wapi. Alitamani kumwambia. Hakujua njia ya kumfikishia neno. Akamwambia Shangazi badala yake, taratibu, mpaka ndoo ikajaa.